Kesi ya Hersent

Kati ya miaka ya 1170 na katikati ya karne ya 13, watunzi kadhaa wa kaskazini mwa Ufaransa walitunga mashairi marefu juu ya mbweha mmoja mjanja aitwaye Renart. Leo mashairi hayo husomwa pamoja kwa jina moja, Roman de Renart, ingawa hayakuandikwa na mkono mmoja wala hayana mwanzo mmoja na mwisho mmoja. Ni visa zaidi ya 25, kila kisa kikiitwa tawi, vyote vikiwa na mistari ya silabi 8 inayokwenda kwa vina vya jozi. Msomaji aliyekulia ngano za Sungura na Fisi atamtambua Renart mara moja: ni mdogo wa mwili, ana njaa wakati wote, na hana silaha ila ulimi wake. Adui yake ni Ysengrin, mbwa mwitu mwenye nguvu nyingi, uroho mwingi na akili kidogo. Lakini wanyama hawa wa Ufaransa hawaishi porini tu. Wana ngome, wanapanda farasi, wanabatiza watoto, wanaapa kwa watakatifu, na juu yao kuna mfalme, simba Noble, mwenye baraza na washauri wa kusikiliza mashtaka. Na shtaka linalorudi tena na tena katika baraza hilo linamhusu mwanamke mmoja: Hersent, mbwa mwitu jike, mke wa Ysengrin.

Kwa muda mrefu Hersent amesomwa kama pambo la utani. Yeye ndiye mke asiyetulia, mume wake ndiye kichekesho, na mbweha ndiye anayefaidi. Usomaji huo haukubuniwa hewani, kwa maana mashairi yenyewe yana mzaha mwingi wa chumbani, tena mwingine mchafu. Hata hivyo naamini unaacha kando jambo kubwa kuliko yote yaliyomo humo. Ukimwondoa Hersent, ugomvi wa mbweha na mbwa mwitu unabaki kuwa wa nyama na samaki, na baraza la simba halina sababu ya kukutana. Zaidi ya hayo, watunzi walimtumia mwanamke huyu kuonyesha kwa undani unaoshangaza jinsi baraza la wanaume linavyolipokea neno la mwanamke: linavyolisikiliza, linavyoligeuza, na mwishowe linavyoliweka kando. Hersent ni shahidi kabla ya kuwa mchepukaji, na ni katika ushahidi wake ndipo mashairi haya yanapopata uzito wake.

Tuanze na tawi lililo miongoni mwa yaliyotangulia kutungwa, ambalo wataalamu wengi huliweka kati ya mwaka 1174 na 1177 na kulihusisha na mtunzi Pierre de Saint-Cloud. Katika utangulizi wake mtunzi anawakumbusha wasikilizaji visa walivyokwisha kuvisikia: Paris aliyemchukua Helen na kuleta vita vya Troy, na Tristan aliyempenda mke wa mjomba wake. Kisha anasema atasimulia vita ambavyo bado hawajavisikia, vya Renart na Ysengrin. Tangu mistari ya kwanza, basi, Hersent anawekwa kwenye safu ya wanawake ambao kwa ajili yao falme zilipigana. Unaweza kusema huo ni utani, mbwa mwitu jike kulinganishwa na Helen. Ni utani kweli, lakini unaeleza mpango wa mtunzi. Chanzo cha vita anakiweka kwa mwanamke, halafu anafanya jambo ambalo visa vya vita vya kale hulifanya mara chache: anamwingiza msikilizaji nyumbani kwa mwanamke huyo, ajionee kilichotokea.

Pango la Ysengrin analieleza kwa karibu. Hersent amejifungua watoto wanne, bado yuko kitandani akiwanyonyesha, na mumewe ametoka kutafuta chakula. Renart anaingia bila kujua ni kwa nani. Akitambua alipo, anaingiwa na hofu na kujibanza nyuma ya mlango. Hersent anainua kichwa, anamjua kwa manyoya yake mekundu, na badala ya kupiga kelele anacheka na kumlaumu: imekuwaje mtu mwenye udugu wa ubatizo asije kumjulia hali mzazi? Lawama hiyo ni ya kawaida kabisa, inaweza kutoka kwa mzazi yeyote ambaye jamaa wamemsahau. Renart anajitetea kwamba hakuja kwa sababu Ysengrin anatangaza kila mahali kuwa yeye mbweha anampenda mkewe, na ameahidi zawadi kwa atakayemkamata. Hapo ndipo Hersent anapowaka. Anasema hajawahi hata kulifikiria jambo hilo, lakini kwa kuwa mumewe amekwisha kumpaka matope, basi sasa na liwe kweli. Anamkaribisha Renart kifuani.

Sehemu hii ndiyo inayotajwa kila mara kuwa ushahidi wa ulegevu wa Hersent. Lakini tazama mpangilio wa sababu. Hersent hatongozwi kwa maneno matamu wala hachukuliwi na tamaa ya ghafla. Anachofanya ni jibu kwa mashtaka yaliyotolewa juu yake, nyuma yake, na mumewe mwenyewe. Mtunzi angeweza kumpa sababu nyingine yoyote, na vichekesho vya zama hizo vilikuwa na sababu nyingi za kuchagua: uchu, kuchoka na mume mzee, zawadi. Amempa hasira ya mtu aliyehukumiwa bila kuulizwa. Kosa lake ni kosa, sikatai, na hata kwa maadili ya wakati ule lilikuwa zito. Ila limezaliwa na hukumu iliyotangulia tendo. Kinachofuata pia hakimwachi Renart na sifa ya mpenzi: kabla ya kuondoka anakula na kumwaga akiba ya chakula, anawakojolea watoto, anawapiga na kuwatukana kuwa wana wa haramu. Hersent anabaki akiwabembeleza wanawe wasimwambie baba yao. Wanamwambia.

Siku chache baadaye mambo yanageuka. Ysengrin amemkaripia mkewe, naye ameapa kushirikiana naye katika kumwinda mbweha. Wanamwona, wanamfukuza, Ysengrin anapotea njia, Hersent anabaki peke yake nyuma ya Renart mpaka kwenye lango la ngome yake. Anajitosa ndani, lakini lango ni jembamba na mwili wake ni mkubwa. Ananasa kiunoni, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Renart anatokea kwenye mlango mwingine, anamzunguka, na kumbaka huku akimdhihaki. Ysengrin anafika na kuona kwa macho yake. Mbweha anadai kwamba alikuwa akijaribu tu kumnasua, wala hakuna ubaya wowote uliotendeka. Katika tawi linalofuata Ysengrin, baada ya kumvuta mkewe atoke, anaanza kumtukana yeye. Hersent anajibu kwa utulivu: ni kweli amefedheheshwa, lakini alilazimishwa, na mahali pa kulipeleka jambo hili ni kwenye baraza la Noble. Wazo la kwenda mahakamani linatoka kwake.

Kuna matukio mawili hapa, na mtunzi ameyatenga kwa makusudi. Siku ya kwanza kulikuwa na ridhaa, pangoni kwa Hersent, mlango ukiwa wazi. Siku ya pili kulikuwa na nguvu, langoni kwa Renart, mwanamke akiwa amebanwa na mawe. Msikilizaji ameyaona yote mawili na anajua tofauti yake. Baraza halikuona lolote. Kwa hiyo kila swali litakaloulizwa mbele ya simba, sisi tunalisikia tukiwa tunajua jibu, na tunaweza kulipima baraza lenyewe. Huu ni ufundi mkubwa wa usimulizi, na ungepotea kama Hersent angekuwa mkamilifu tangu mwanzo. Mwanamke asiye na doa lolote angelirahisishia baraza kazi yake. Mtunzi ameleta kesi ngumu: mwanamke ambaye jana alikubali na leo hakukubali.

Mbele ya Noble, Ysengrin anasimama kama mlalamikaji na mkewe kama shahidi. Hersent anasema Renart alimwandama tangu alipokuwa msichana, naye akamkataa. Alipoolewa akarudi, akamkataa tena. Mpaka siku aliponasa langoni, mbweha akapata alichotaka kwa nguvu. Mfalme anatabasamu. Mtunzi anatueleza kwamba Noble hapendi mtu aadhibiwe katika baraza lake kwa kosa linalotajwa kuwa la mapenzi. Kisha anaanza kumhoji shahidi. Je, uliwahi kumpenda Renart? Hapana. Kwa nini basi ulikuwa mpumbavu kiasi cha kwenda nyumbani kwake peke yako? Hersent anajibu kwamba hakuwa peke yake, mumewe alikuwa naye. Mfalme anashangaa: inawezekanaje mtu akubake na mumeo yupo? Maswali haya yameandikwa zaidi ya miaka 800 iliyopita, na mwanamke aliyewahi kusimama kizimbani kwa shauri la namna hii angeyatambua bila kuelezwa. Ulifuata nini kule? Mbona hukuwa na mtu? Mbona alikuwapo mtu na hakuzuia? Kila jibu linafungua swali jingine la kumtia hatiani aliyekuja kulalamika, na mbweha hajaulizwa hata neno moja.

Baada ya mfalme, wanyama wakubwa wanajitenga kushauriana, na hapa mtunzi anaonyesha kwamba anajua sheria. Amekwisha kumleta ngamia, mjumbe wa Papa kutoka Lombardia, ambaye wataalamu wengi wanamwona kuwa picha ya Pietro wa Pavia, mjumbe halisi wa Papa nchini Ufaransa kati ya mwaka 1174 na 1178. Ngamia anatoa hotuba ya sheria za Kanisa katika mchanganyiko wa Kilatini, Kiitaliano na Kifaransa uliotungwa uchekeshe. Miongoni mwa washauri wamo kulungu Brichemer, dubu Brun na nguruwe mwitu Baucent. Hoja inayoshinda mjadala ni hii: Ysengrin hana shahidi mwingine isipokuwa mkewe, na mke yu chini ya amri ya mume, atasema analoambiwa, kwa hiyo ushahidi wake hautoshi. Haidhuru kwamba yeye ndiye aliyetendwa. Kwa mantiki hiyo mwanamke aliyeolewa hawezi kamwe kuthibitisha alichofanyiwa, kwa maana yeye ni wa mumewe hata anapousimulia mwili wake mwenyewe. Baraza linaamua Renart ale kiapo tu, tena juu ya jino la Roonel, mbwa mkubwa aliyejilaza akijifanya maiti ya mtakatifu ili amng'ate. Renart anang'amua hila hiyo na kutoroka. Shauri la Hersent halikukatwa.

Mtunzi mwingine alilichukua shauri hilohilo na kulianza upya. Katika tawi linaloitwa Hukumu ya Renart, ambalo leo huhesabiwa la kwanza ingawa lilitungwa baadaye, Ysengrin analalamika tena mbele ya mfalme. Anataja uzinzi, anataja kwamba mkewe alilazimishwa, halafu anataja kwamba Renart aliwakojolea watoto wake, na anasema hilo la mwisho ndilo linalomuuma zaidi moyoni. Sentensi hiyo ni ya kusoma taratibu. Mwanamke amebakwa, na mume anayelalamika kwa niaba yake anaona aibu ya watoto wake wa kiume kuwa ndilo jeraha kubwa zaidi. Mfalme naye anamjibu aachane na jambo hilo: halina faida, linaikumbusha tu dunia fedheha yake, siku hizi hata wafalme na makabaila wanachezewa wake zao, na haijapata kutokea kelele nyingi hivi kwa hasara ndogo hivi. Grimbert, binamu wa mbweha, mnyama wa jamii ya nyegere, anamalizia kwa kumgeukia Hersent mwenyewe na kumwambia kwamba anayemwaibisha ni mumewe, kwa kulitoa jambo hadharani, si Renart aliyelitenda kwa mapenzi. Ysengrin, Noble na Grimbert wanapingana kwa kila kitu, lakini wanakubaliana katika jambo moja: kilichompata Hersent ni suala la heshima ya wanaume.

Ndipo Hersent anaposema. Uso umeiva kwa haya, manyoya yamemsimama. Anasema angependa amani kati ya mumewe na Renart. Yuko tayari kula kiapo cha maji yanayochemka au cha chuma cha moto kuthibitisha kwamba mbweha hakupata kitu kwake. Halafu, katikati ya maneno hayo, anauliza kujitetea kutamsaidia nini, yeye masikini, ikiwa hakuna siku atakayoaminiwa. Anaongeza kwamba Pasaka hii, Aprili 1, ametimiza miaka kumi tangu Ysengrin amwoe. Kwa kuwa mwaka 1179 Pasaka iliangukia tarehe hiyo, wataalamu wameitumia kauli yake kukadiria mwaka wa utunzi wa tawi zima. Nalipenda sana jambo hili: mwanamke ambaye baraza lilikataa ushahidi wake ndiye shahidi ambaye wanahistoria wamemtegemea kwa tarehe.

Hapa Hersent anakana kila kitu, wakati katika tawi lililotangulia alisema alibakwa. Je, si mwongo basi? Pingamizi hili ni la haki na linataka jibu. Sehemu ya jibu ni kwamba watunzi ni wawili, na wa pili hakujifunga kwa kila neno la wa kwanza. Lakini hata tukisoma matawi yote kama hadithi moja, mabadiliko yake yanaeleweka. Mara ya kwanza alisema kweli kuhusu siku ile ya langoni, na baraza likamuuliza kwa nini alikwenda. Mara ya pili baraza zima limekwisha kumwita mpenzi wa mbweha kabla hajafungua kinywa. Njia iliyobaki ya kuokoa jina lake ni kukana, na anakana huku akisema waziwazi kwamba hataaminiwa. Kuhusu siku ya pangoni amesema uongo mara zote mbili, na mtunzi halifichi hilo. Ila uongo wake kuhusu siku ya kwanza haugeuzi ubakaji wa siku ya pili kuwa mapenzi, na huo ndio mruko ambao Grimbert anaufanya na baraza linaukubali. Uzinzi wa jana umefanywa kuwa ridhaa ya milele.

Pingamizi zito zaidi ni la kicheko. Mashairi haya yalitungwa yachekeshe, na kicheko mara nyingi kinamwangukia Hersent. Anayemwamini katika Hukumu ya Renart ni mmoja tu, punda Bernard, anayefurahi na kutamani mkewe angekuwa mwaminifu kama Hersent. Wasikilizaji walicheka, na walimcheka punda pamoja na mwanamke aliyeaminiwa na punda. Baadaye, katika mwendelezo wa tawi hilo, Ysengrin anapotezewa uanaume wake na mbwa kwa hila ya Renart, na Hersent akigundua kitandani anamwacha palepale. Halafu anakutana na Hermeline, mke wa Renart, wanatukanana matusi mazito na kupigana mpaka padri msafiri anawaamua. Kisa hicho hakina huruma kwa mwanamke yeyote. Tena liko tawi linalosimulia kwamba Adam alipoyapiga maji ya bahari kwa fimbo walitoka wanyama wa kufugwa, na Hawa alipoyapiga walitoka wanyama wakali, mbwa mwitu na mbweha wakiwamo. Sitaki kuwafanya watunzi wa karne ya 12 na 13 kuwa watetezi wa wanawake. Hawakuwa hivyo, na atakayesema walikuwa atalazimika kuruka kurasa nyingi.

Lakini kicheko kina shabaha zaidi ya moja, na katika tawi la kwanza mtunzi amepanga matukio kwa namna inayomgeuzia kicheko mfalme. Mara tu Noble anapotaka kulifunga shauri la Hersent kwa amani, linaingia jeneza. Jogoo Chantecler, kuku Pinte na wenzao wanamleta Coupée, ndugu yake Pinte, aliyeuawa na Renart. Pinte anazirai, anazinduka, anasema. Naye ni jike, naye analalamika juu ya mbweha yuleyule, lakini hakuna anayemuuliza kwa nini kuku walikuwa pale walipokuwa. Mfalme anaunguruma kwa hasira kiasi kwamba sungura Couart anashikwa na homa ya hofu. Coupée anazikwa kwa heshima zote, na kaburi lake linaanza kutenda miujiza: Couart analala juu yake na kupona. Sasa Renart anaitwa mahakamani kwa nguvu, mjumbe baada ya mjumbe. Tofauti kati ya Hersent na Coupée haiko katika ukubwa wa hatia ya mbweha peke yake. Coupée amekufa, na mwili wake umelala mbele ya macho yao ukiwa ushahidi usioweza kuhojiwa. Hersent yu hai, anazungumza, anaona haya, anajipinga mwenyewe. Mtunzi ameviweka visa hivi viwili bega kwa bega, katika kikao kimoja, mbele ya mfalme mmoja. Siwezi kuamini kwamba aliviweka hivyo kwa bahati.

Ushahidi wa pili uko katika mwendelezo wa karibu wa tawi hilo. Noble ameizingira ngome ya Renart, Maupertuis, kwa miezi. Usiku mmoja mbweha anatoka, anawafunga wanyama wote kwenye miti kwa mikia na miguu wakiwa usingizini, kisha anaingia alikolala malkia, simba jike Fière. Katika giza malkia anadhani ni mumewe aliyekuja kupatana naye. Akigundua, anapiga kelele. Noble anaamka na kujivuta bila mafanikio, na ni konokono Tardif, aliyesahauliwa kufungwa, anayewakata wenzake kamba. Mfalme aliyesema kwamba hii ni hasara ndogo sasa ameipata nyumbani kwake, na haioni tena kuwa ndogo. Renart anakamatwa na jeshi zima linataka damu yake. Kosa limefanana na lile alilotendewa Hersent kwa kuwa hakukuwa na ridhaa, ila safari hii mwenye mke ni yule mwenye kutoa hukumu. Watunzi hawakuhitaji kuhubiri. Mpangilio wa matukio umesema.

Litabaki pingamizi kwamba haya ni macho ya leo, na kwamba mtu wa karne ya 12 hangeweza kuwaza ridhaa ya mwanamke. Historia ya sheria inalikataa dai hilo. Mkusanyo mkubwa wa sheria za Kanisa uliofanywa na Gratian karibu na mwaka 1140 ulilijadili kwa kirefu swali la ridhaa, na Papa Alexander III, aliyetawala kuanzia 1159 hadi 1181, alisimamia msimamo kwamba ndoa hufanywa na kukubaliana kwa wawili wenyewe. Roman de Renart ilizaliwa ndani ya miaka hiyohiyo, na watunzi waliomweka mjumbe wa Papa kwenye baraza la wanyama walijua mjadala unaendelea. Viapo vya chuma na maji ya moto navyo vilikuwa jambo la kubishaniwa. Mtaguso wa Nne wa Laterani, mwaka 1215, uliwapiga marufuku mapadri kushiriki. Hersent anapoahidi kukishika chuma cha moto huku akisema haitasaidia, anazungumza lugha ya mahakama za zama zake, pamoja na mashaka ya zama hizo.

Kisa chake kilivuka mipaka haraka. Kabla karne ya 12 haijaisha mtunzi wa Alsace aitwaye Heinrich alikwisha kukisimulia kwa Kijerumani. Katika karne ya 13 Willem alikitunga upya kwa lugha ya Flanders, na baraza la mfalme linapofunguliwa kwake, shtaka la kwanza ni lilelile, mbwa mwitu akilalamika juu ya mkewe na juu ya watoto, ambao safari hii wawili wamepofushwa na mkojo wa mbweha. Mke anaitwa Hersint. Willem alilisukuma jambo hili mbele kuliko Wafaransa. Mbweha wake anahukumiwa kunyongwa, anajiokoa kwa hadithi ya uongo ya hazina iliyofichwa, na kisha anadai kwenda kuhiji Roma. Hujaji anahitaji viatu. Kwa idhini ya malkia, mbwa mwitu Isengrim anachunwa ngozi ya miguu miwili ya mbele, na Hersint ngozi ya miguu yake miwili ya nyuma, ili mbweha apate vya kuvaa. Hersint hakushtakiwa kwa kosa lolote katika kikao kile. Jina lake liliingia barazani kama la mtu aliyedhulumiwa, na alitoka humo akiwa amelipa gharama za safari ya aliyemdhulumu.